Majani ya Bi Nanaa Yalipogoma Kukauka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mama tuliyemjua kwa jina la Bi Nanaa. Ametutoka wiki iliyopita, kwa ugonjwa wa mapafu.

Bi Nanaa alikulia nyanda za juu, kwenye baridi na upepo mkavu. Kule alipanda nanaa, mrehani na mchaichai nyuma ya nyumba. Alifunga vishada, akavitundika kivulini barazani. Upepo ulimaliza kazi. Majani yalikauka yakabaki na rangi yake.

Alipofiwa na mumewe, mwanawe wa pekee akamleta huku bondeni, kwenye joto na unyevu. Alikuja na miche yake ndani ya ndoo. Ikashika vizuri. Shida ikawa kukausha. Wenyewe mnajua, huku hata chumvi hulowa ndani ya kopo. Alitundika vishada chumbani kwake, vikaota ukungu. Akafunga madirisha, ukungu ukazidi. Kikohozi kikaanza.

Mkwewe anasimulia: "Nilimwambia, mama, toa haya majani, yatakuua. Akanijibu, 'Mwanangu, kaburi la mume wangu nimeliacha kule. Na haya niyaache?'"

Siku aliyokwenda kliniki, mwanawe akayatupa yote. Bi Nanaa alirudi, akatazama kamba tupu, akakaa kitandani. Tangu hapo akawa anakula peke yake, mlango umefungwa.

Mwanawe ni fundi friji. Anasema, "Nilitaka kumwokoa. Yeye alinitazama kama mwizi."

Akachonga sanduku la mbao la kukaushia, lenye balbu chini, feni ndogo na trei za wavu. Akamwita mama yake jikoni. Wakatandaza majani mabichi bila kuyabananisha. Kesho yake Bi Nanaa akasugua jani kiganjani, likavunjika. Akanusa.

"Hii sasa ni nanaa," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwanawe tangu siku ile.

Lakini maji yalikwisha kumwagika. Mapafu hayakupona. Nawasihi, wasikilizaji: majani yenye ukungu si ya kunywa, wala si ya kulala nayo chumba kimoja.

Tunawapa pole mwanawe, mkwewe na majirani wote. Mungu ampumzishe mama yetu.

Nilimuuliza mwanawe ni lipi linalomuuma zaidi. Akasema, "Majani yalistahili kutupwa. Ila sikukaa naye kwanza nikamsikiliza."

Kama una mzazi uliyemhamishia kwako, kaa naye leo.