Mama Miguu Anaondoka, Somo Lake Lisiondoke

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha urubani chuoni kwetu, mwalimu tunayemwita Mama Miguu anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi fundi wa karakana nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, ingawa nimekasirika.

Aliingia hapa kama mhudumu wa redio, akajifunza kurusha ndege, kisha akakabidhiwa zile ndogo zenye gurudumu la tatu mkiani. Angani ni pole kabisa. Balaa huanza zikishagusa ardhi: mkia ukienda kombo na rubani akachelewa kuurudisha kwa pedali, ndege hugeuka ghafla na bawa likalima nyasi. Ndiyo maana sauti yake hunifikia hadi karakanani: “Miguu, baba! Miguu! Hujafika bado!”

Kuna mwanafunzi aliyetua vizuri mno, akainua mkono kuwapungia shemeji zake waliokuja kumshangilia. Ndege ikawageukia. Walitimua mbio, mmoja akaacha kiatu. Tangu hapo Mama Miguu alipiga marufuku kupunga mkono na kupiga makofi mpaka propela isimame. Hata mkuu wa chuo aliwahi kununiwa kwa makofi ya mapema.

Akaanzisha na somo lake: kabla ya kufundishwa kutua, mwanafunzi huikimbiza ndege ardhini bila kupaa, huku na huku, mpaka miguu ishike kazi. Mabawa ya kuunga yakanipungua.

Mwaka jana alipokwenda kumuuguza dada yake, uongozi uliliruka somo hilo eti linachelewesha watu. Ndege mbili zikapinduka, na binti wa watu akavunjika mtulinga. Tukaambiwa ni upepo. Upepo gani? Ovaroli zangu zilikuwa kwenye kamba siku zote mbili, hazikutikisika hata kidogo! Sasa wanataka kulifuta kabisa akishaondoka. Na hao hao wamemwagizia keki yenye umbo la ndege, tena ya gurudumu la mbele, si la mkiani kama zake. Hawana hata haya.

Basi wasikie. Walimu wenzake wamekubaliana kwamba hakuna mwanafunzi atakayeruka peke yake bila somo lile. Na funguo za banda la ndege ninazo mimi.

Asante, Mama Miguu, kwa wote walioshuka wazima. Pumzika kwa raha na afya, dada yetu. Siku ya kukuaga usishangae tukikaa kimya. Makofi tutapiga ukishafika nyumbani.