Wivu wa Bwana Aimeric wa Peiralba

Kwa niaba ya mama yetu, Bibi Ermengarda, ninasoma maisha ya baba, na mama ameagiza nisome yote, hata yanayouma.

Marehemu Bwana Aimeric alizaliwa katika ngome hii ya Peiralba tarehe 24 Juni 1168, mtoto wa kwanza wa Bwana Guilhem, na miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, Gaucelm, ambaye babu alimpakata hata mezani, jambo ambalo marehemu hakulisahau.

Mwaka 1175 alipelekwa kwa mjomba wake huko Castelvern kujifunza farasi, silaha na adabu za mabwana, na siku ya Pentekoste 1188 akavishwa upanga na kuwa askari kamili, ila jioni ile Gaucelm aliimba, na ukumbi mzima ukamsahau mwenye sherehe.

Babu alipofariki mwaka 1194 marehemu alirithi ngome na mizabibu yake, na tarehe 30 Aprili 1196 akafunga ndoa na mama, wakajaliwa watoto wawili, mimi Raimon na dada yangu Sancha. Katika karamu ya harusi Gaucelm alimchekesha mama mpaka akashika mbavu, baba akaweka kikombe chini, akamwambia ndugu yake, "Wewe, kesho asubuhi utafute mahali pengine pa kulala," naye akaondoka, akawa askari wa mabwana wengine kwa miaka mingi.

Mwaka 1213 bwana wa Montaspre alituzingira, tukala hadi farasi wetu, ndipo Gaucelm akaja na wenzake, wakaivunja kambi ya adui, na watu wakapanda ukutani wakiliita jina lake. Baba, mkono wake ukiwa bado unavuja damu, aliamuru lango lisifunguliwe.

"Bwana," mama alimwambia, "ndugu yako ametuokoa, unamwacha nje kama mbwa?"

"Wanamwita yeye! Mimi niliyesimama ukutani majira yote ya baridi, nani ameniita?"

Mama alishuka akafungua lango mwenyewe, na tangu siku hiyo ami Gaucelm ameishi nasi, baba akimkalisha mwisho kabisa wa meza.

Mwezi Oktoba 1221 baba alishikwa na homa ya mapafu, na alipoona hali imekuwa mbaya alimwita ami.

"Apa kwamba hutamwoa mke wangu."

"Kaka, mimi mzee huyu, meno yenyewe yameisha?"

"Apa!"

Ami aliapa huku analia, na mama akaendelea kumlisha baba supu, na alfajiri ya tarehe 9 Novemba baba akafariki akiwa ameushika mkono wa mama kwa nguvu.

Tunawashukuru tabibu Maestre Isarn, watawa waliokesha, majirani walioleta mikate na kuni, na askari wenzake waliobeba jeneza pamoja na ami Gaucelm.

Pumzika kwa amani, baba, na mama ameniagiza niseme mbele ya watu wote kwamba tangu siku ya ndoa moyo wake haukuwa na mwingine, na kwamba angekuambia siku yoyote, kama ungemuuliza.