Jirani Aliyeona Dansi

Muuguzi alikuwa amepania kusinzia kwenye treni ya jioni, lakini watu wawili wa kiti cha mbele walimnyima usingizi. Seremala kijana alikuwa amepakata kitambaa kizito cha pazia, na bibi mmoja asiyemjua akakipapasa bila hodi. "Mjukuu wangu, hili ni pazia au blanketi?"

"Pazia, bibi. Mke wangu alitundika yale mepesi ya maua. Yanapendeza, lakini jirani wa mkabala aliniona nikicheza dansi na ufagio. Asubuhi akanisalimu kwa kutingisha kiuno!"

Muuguzi akauma mtandio wake asicheke.

"Na mkeo anasemaje?"

"Eti nitaigeuza sebule kuwa stoo. Yeye anataka mwanga, mimi nataka heshima yangu."

"Heshima!" bibi akaguna. "Mwaka jana niliteleza nikavunjika nyonga. Aliyeniokoa ni jirani, aliniona sakafuni kupitia pazia jepesi."

"Pole sana, bibi. Lakini wewe ulianguka. Mimi nilikuwa nakata mauno."

Hapo muuguzi aliona kijana ana hoja.

Bibi hakukubali kushindwa. "Mkeo naye hukupigia makofi?"

"Hajawahi kuniona. Mimi hucheza yeye akiwa kazini."

"Ala! Yaani jirani anakujua kuliko mkeo?"

Treni ikasimama. Bibi akashika mkongojo wake, akashuka bila kungoja jibu. Seremala alibaki amekumbatia kitambaa chake, kisha taratibu akaanza kucheka peke yake.