Taya Jipya, Mapishi Yale Yale

Mshonaji alijifanya anatazama dirishani, lakini masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako fundi bomba mmoja alikuwa akimsimulia mama wa makamo habari za taya lake. Wawili hao walikuwa wamejuana humo humo kwenye treni.

“Zamani meno ya juu na ya chini hayakukutana, mama. Nyama nilikuwa nameza kama dawa. Mke wangu alinitwangia kila kitu, hata karoti. Mwaka jana wakanipasua, wakaliweka taya mahali pake. Mwanzoni nilikunywa uji kwa mrija. Sasa natafuna mpaka mfupa.”

Akavunja karanga kwa kishindo. Mshonaji akaona ushahidi huo unalitosha behewa zima.

“Hongera, mwanangu. Mkeo amefurahi?”

“Amenuna. Nimemwambia ukweli tu, kwamba nyama yake ngumu na wali wake una mawe. Zamani ningejuaje?”

Mama akakitazama kidevu chake, ambacho kweli kilikuwa kimenyooka. “Kwa hiyo aliyekutwangia miaka yote ndiye uliyeanza kumtafuna?”

“Ulitaka nimdanganye, mama?”

“Sasa anakupikia nani?”

Fundi akapangusa maganda ya karanga mapajani. “Yuko kwa dada yake. Mimi nakula mkate.” Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, “Ule laini.”

Mama akafungua mdomo, lakini treni ikasimama kituoni kwake. Mshonaji naye alishukia hapo, kwa shingo upande.