Harufu ya Embe Kwenye Msiba wa Baba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa ajili ya pumzi niliyo nayo leo, maana kuna siku niliyasema maneno haya haya mbele ya kanisa huku mfukoni nimebeba uongo uliojaa chaji.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, kutoka kijiji kilicho kwenye barabara ya Tabora kwenda Ulyankulu. Niliondoka nyumbani na sanduku la bati. Nikasoma mpaka nikapata diploma ya majokofu na viyoyozi, nikaenda Maskati, nikapoza nyumba za watu wakubwa, na nikarudi na mtaji wangu mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo friji likikushinda hapa Tabora, na mafundi wote wakainua mikono, utaelekezwa kwangu Isevya, kwenye nyumba yenye kiyoyozi kila chumba. Nasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeanguka. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayejua jinsi vitu vya umeme vinavyofanya kazi.

Sigara niliijulia banini. Kwa asiyelima tumbaku, bani ni nyumba ya udongo ambamo majani huning'inizwa na kukaushwa kwa moto, na moto huo hauachwi uzime wala kupanda. Sisi vijana wa kulinda moto tulisokota jani kwenye karatasi tusisinzie. Kusinzia kuliisha, kusokota hakukuisha. Nilivuta shuleni, nikavuta chuoni, nikavuta Maskati kwenye mapaa ya watu juani.

Baba yangu alilima tumbaku maisha yake yote lakini hakuitia mdomoni hata siku moja. "Hili ni zao, si chakula," alikuwa akisema. Pumzi yake aliitunzia tarumbeta. Sisi Wamoravian, Pasaka inapopambazuka tunakwenda makaburini, tunasimama kati ya wafu wetu, na tarumbeta zinawatangazia kwamba Bwana amefufuka. Baba ndiye aliyenifundisha. Na nilikuwa hodari, ndugu zangu! Kabla sijasafiri, wimbo wa makaburini niliupiga beti zote mbili, na ule wa pili unapanda juu sana, bila kukata pumzi.

Mama alifariki nikiwa Maskati. Nilituma pesa ya jeneza zuri, lakini mwenyewe sikuja. Niliporudi moja kwa moja, baba hakunilaumu. Aliniomba kitu kimoja tu: "Pasaka hii mpigie mama yako. Hajakusikia tangu uondoke. Na mimi nataka nisimame pembeni yako nikusikie, nikiwa bado na masikio."

Nikasema, "Baba, hilo ni dogo."

Halikuwa dogo. Kwenye mazoezi ya kwanza, ubeti wa kwanza ulipita kwa shida, na wa pili ukanikatikia juu kama kamba ya kisima. Kiongozi wa tarumbeta zetu ni Mzee Ndahani, Mgogo aliyestaafu reli akaoa kijijini kwetu. Mnajua sisi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita Ugogo na pembe za ndovu kwenda pwani na kutozwa hongo, yaani ushuru wa njia, ili wapate maji. Mzee yule aliweka chini tarumbeta yake akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo bila kutua. Wewe umeshindwa kubeba pumzi mpaka ubeti wa pili?"

"Subiri Pasaka, Mgogo wewe. Utaomba maji," nikamjibu. Tukacheka wote. Lakini nilirudi mjini nimeumia.

Siku chache baadaye nilikuwa Dar es Salaam, Kariakoo, kununua vipuri. Kwenye duka la vifaa vya simu nikaona vidude vimepangwa kama kalamu nene za rangi rangi. Muuzaji akanisoma haraka.

"Bro, bado unavuta zile za moshi? Hizo za wazee. Hii sigara ya umeme, vijana wanaita vepu. Haina moshi, ni mvuke tu. Kuna embe, kuna nanasi. Unaacha sigara hata hujijui!"

Nilivuta hapo hapo dukani. Nakumbuka mvuto ule wa kwanza mpaka leo, na naukumbuka kwa majuto. Ulipita kooni laini, mtamu, ladha ya embe lililoiva. Hakuna majivu, hakuna kiberiti, hakuna harufu kwenye vidole. Nikasema moyoni: huu ndio mlango ambao Bwana amenifungulia! Hotelini nikakifungua kwa bisibisi yangu ndogo, nikaona betri, nikaona waya unaopata moto, nikaona pamba yenye maji yake. Nikaridhika. Kitu nilichokielewa ningekiogopea nini?

Nyumbani nilichukua pakiti zangu zote za sigara nikazitia kwenye jiko la mkaa mbele ya mke wangu, Mama Neema. Alikitazama kile kidude mkononi mwangu.

"Na hicho?"

"Hii ni teknolojia, mama. Ni mvuke."

"Kama ni mvuke tu, mbona unakwenda kuuvutia chooni?"

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kijijini kwetu, nikapaza sauti: "Bwana asifiwe! Mimi mvutaji wa miaka mingi nimeacha sigara!" Vigelegele vilipasua paa. Baba alisimama kwenye benchi la mbele, akavua kofia yake ya pama, akafuta macho kwa kofia ile ile. Ndugu zangu, kidude kilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, bado kina joto. Nilijiambia sikusema uongo. Nimesema sigara, na sigara kweli nimeiacha. Hivyo ndivyo ninavyojua kujitetea mimi mwenye diploma.

Sasa niwaeleze jambo ambalo muuzaji hakuniambia. Sigara ina mwisho. Inaungua, inafika kwenye vidole, unaitupa. Ile haina mwisho, na maji yake yana ulevi ule ule wa tumbaku. Na kwa kuwa hainuki kama sigara, nilivuta mahali ambapo zamani nisingethubutu: kitandani, kwenye gari, nyuma ya friji la mteja nikiwa nalitengeneza. Nilivuta nyuma ya kanisa wakati wa matangazo! Kifua nilichodhani kitapona kilikuwa kinakaza zaidi. Nikikiacha kidude nyumbani, nilishindwa kutulia mpaka nikakosea kuunganisha waya, mimi!

Pasaka ikafika. Tulikwenda makaburini wakati mashariki panaanza kuwa kweupe. Nilikuwa nimevuta kwenye gari, nijitie nguvu. Baba akasimama kulia kwangu na tarumbeta yake ya zamani iliyobonyea, mbele yetu kaburi la mama. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulipoanza kupanda, kifua kikafunga kama mlango. Tarumbeta ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, nikainama nakohoa. Na hapo juu ya kikohozi changu nikasikia sauti nyingine inaupokea wimbo. Alikuwa baba. Mzee asiye na meno ya mbele aliupandisha ubeti ule mpaka juu, ukitetemeka, akaumaliza badala yangu.

Laiti angenigombeza! Njiani aliniambia tu, "Moshi wa miaka yote hiyo hautoki kwa siku moja. Kifua kinapona. Mwakani utampigia." Ndugu zangu, baba yangu aliuamini ushuhuda wangu. Tangu siku ile kila Jumapili aliniletea chupa ya asali ya mizinga yake ya msituni. "Ya kifua," alikuwa akisema, na mimi nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda kwenye gari nikavuta.

Mwakani ya baba haikufika. Kiangazi kile kile, baada ya tumbaku kuuzwa, alilala mchana hakuamka.

Msibani kwetu watani wana kazi yao, na hakuna wa kuwakataza. Mzee Ndahani alikuja amevaa koti kuukuu la baba na ile kofia ya pama, akatembea kama baba, akakohoa kama baba, akawaamkia wake zetu "mwangaluka" kama baba, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanatiririka. Kisha akasimama mbele yangu, akanusa.

"Jamani! Msiba huu unanukia embe! Msimu bado, nani anakula embe peke yake?"

Watu wakacheka. Akanizunguka, ananusa kama mbwa wa mwindaji, na kabla sijajua nifanye nini mkono wake umeingia kwenye koti langu na kutoka na kidude. Akakiinua juu. Kisha akaniigiza mimi! Akainua mkono, "Bwana asifiwe, nimeacha!" akavuta kidude, akapuliza. "Nimeacha!" akavuta tena. Akashika tarumbeta ya hewani, akaanza ubeti wa pili, akaanguka chini anakohoa. Wengine walicheka. Wengi walinyamaza, maana walikuwapo siku ya vigelegele. Mama Neema aliinamisha uso.

Mtani hakasirikiwi. Anachokinyakua msibani hukombolewa kwa fedha au kuku. Nikatia mkono mfukoni.

"Sitaki pesa yako ya Maskati," akasema. "Babu zako walilipa hongo wapite Ugogo. Wewe hongo yako ni ubeti wa pili. Mpigie baba yako mpaka mwisho, nikurudishie mali yako."

Makaburini nikapewa tarumbeta ya baba, ile iliyobonyea. Nikapiga. Nafikiri mnajua ilikatikia wapi. Nilijaribu tena, ikakatika pale pale, na safari hii hapakuwa na mtu pembeni yangu wa kuipokea. Wenye tarumbeta wengine walitazama chini. Jeneza la baba likashushwa kwa kimya.

Baadaye, watu walipotawanyika, Mzee Ndahani alivua kofia ya baba akanipa. Hakuwa anatania tena.

"Marehemu alikuwa ananiambia kila wiki, kifua cha kijana wangu kinapona. Nami nilikuwa nakinusa kile kidude siku zote. Nilinyamaza nisimvunje moyo. Nisamehe, mwanangu."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Nilikwenda kwenye bani la baba, tupu, lenye harufu ya jani kuukuu, nikapiga magoti kwenye majivu. Nikasema: Bwana, watu wote nimewaeleza nilivyojitengeneza mwenyewe. Sasa hiki kilichoharibika siwezi kukitengeneza. Kitengeneze wewe.

Jumapili iliyofuata nilisimama pale pale nilipoutoa ushuhuda wangu, nikaufuta. Nikaeleza kila kitu. Safari hii hapakuwa na vigelegele. Palikuwa na mchungaji na akina mama waliokuja mbele, wakaniwekea mikono, wakaomba bila kupaza sauti.

Sitawadanganya tena, ndugu zangu. Mungu hakuniponya kama taa inavyowashwa. Aliniponya kama tumbaku inavyokauka banini, polepole, kwa moto usioachwa uzime wala kupanda. Niligombana na wateja. Nilitokwa jasho kwenye nyumba yenye viyoyozi. Nilikwenda hospitali, daktari akanisaidia, nami simwonei haya. Kiu iliponikamata nilipiga goti, na Mama Neema alinipa kijiko cha asali ya baba, ile niliyoirundika kabatini bila kuionja. Chupa moja baada ya nyingine, baba alinitibu akiwa kaburini. Nikawa nakwenda kijijini kufanya mazoezi ndani ya bani, peke yangu, na kuta zile za udongo zikanirudishia sauti yangu, mwanzo mbaya, kisha si mbaya sana.

Pasaka iliyopita nilisimama kati ya makaburi mawili. Ubeti wa kwanza. Kisha wa pili, ukaanza kupanda, na nikahofu nilipofika pale penye mlango. Mlango ulikuwa wazi! Haukuwa wimbo mzuri kama wa ujana wangu, mwishoni ulitetemeka kama ule wa baba, lakini ulifika mwisho. Asante Yesu!

Mzee Ndahani akatoa kitambaa, akakifungua, kidude kikiwa ndani. "Umelipa hongo, Mnyamwezi. Chukua mali yako."

"Kaa nacho, Mgogo," nikasema. "Kwetu hakuna mwenye shida nacho."

Akacheka, akakirudisha mfukoni, na akaniacha nilie. Maana mama hakusikia, na baba aliyetaka kusikia akiwa na masikio hakusikia. Mungu amenirudishia pumzi na namshukuru usiku na mchana, lakini Pasaka ile ya baba hairudi, na siombi nisahau.

Wewe unayesoma, uliyeacha kitu mbele za watu lakini hujakiacha, mtegemee Bwana, yeye hashindwi na kilichowashinda mafundi. Na kuna mtu anayekuamini, labda yuko jikoni sasa hivi anakutafutia asali. Kitoe mfukoni leo, angali anasikia. Usisubiri mtani aje akutolee msibani.