Jina Ambalo Mwenyekiti Wetu Halitamki

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Viongozi wetu wa kata na mtaa. Baba paroko na shehe wetu. Wazee wetu mlioketi safu ya mbele. Majirani wa Gungu, na ninyi mliotoka Buzebazeba na Kasingirima kwa bodaboda, kwa miguu na kwa udadisi: mwakeye, na kwa wakubwa wetu, shikamooni.

KARIBU

Tunashukuru umefika. Tulipokuandikia mwaliko, baadhi yetu walisema mtu mkubwa hawezi kuacha kazi zake aje kutazama leseni ikitundikwa ukutani. Umekuja, na wale waliosema hivyo ndio waliowahi viti vya karibu na soda. Ukihisi sakafu inateleza usishtuke, ni mawese. Hapa tumeshateleza wote, na hakuna aliyevunjika kitu isipokuwa heshima.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu cha sabuni ya mawese kilianza uani kwa mama yetu Rozalia, mkubwa kuliko sisi sote kwa umri na kwa maneno. Tulichemsha mawese kwenye sufuria ya sherehe za ukoo wake, tukachanganya na kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, tukamimina kwenye maboksi ya mbao, tukakata vipande kwa waya. Sabuni ilitoka nzuri. Kazi ilikuwa kuiuza. Hatukuwa na leseni wala jina, kwa hiyo tulipoona sare yoyote inakuja tulifunika beseni kwa khanga tukajifanya tunauza ndizi. Siku moja sokoni tulimkimbia kiongozi wa skauti, kumbe alikuwa anakuja kununua.

Siku hiyo mwenzetu Skolastika ndiye peke yake aliyebaki amesimama. Aliweka beseni chini, akamuuzia skauti sabuni yake, na tuliporudi kwa aibu akatuambia, "Mimi nimechoka kuuza kitu safi kwa macho ya mwizi. Twendeni tukaandikishwe."

Skolastika ni mke wa Gervasi, fundi baiskeli wa hapa hapa Gungu. Ni mpole, hana maneno mengi, na ukimwona anasonga ugali huwezi kudhani ataongoza watu. Lakini ndiye aliyehakikisha kila mmoja wetu ana kitambulisho cha taifa. Ndiye aliyekaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka walinzi wakaanza kumwita shangazi, na ndiye aliyeuliza maswali pale ambapo sisi tulikuwa tunaitikia ndiyo bila kujua tumeitikia nini. Tulimfanya mwenyekiti bila kupiga kura, kwa sababu hapakuwa na wa kushindana naye.

MAFANIKIO

Leo tuna namba ya mlipakodi, cheti cha jina la biashara, mkataba wa pango, na leseni ya Manispaa ambayo utaitundika kwa mkono wako. Sabuni yetu inapanda maboti mpaka vijiji vya mwambao. Na tukiona sare, tunaisalimia. Kwa mwingine haya ni madogo. Kwa mwanamke aliyezoea kufunika beseni, kusimama nyuma ya meza yake na kumtazama askari usoni ni raha ambayo hatukuwa tunaijua, na tunasema wazi kwamba tuna furaha.

JINA

Mgeni rasmi, risala aliyoipitisha mwenyekiti wetu iliruka kutoka mafanikio hadi maombi. Sehemu hii tumeiingiza sisi wenzake, na yeye anaisikia sasa hivi kama unavyoisikia wewe. Kwa tunavyoijua tabia yake, ameshaanza kukunja pembe ya kitenge. Atuvumilie.

Kwa desturi ya Kiha, kama wengi hapa mnavyojua, mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Ni heshima. Hata jina hilo likiwa neno la kila siku, atalizunguka. Siku hizi wengi wamelegeza, Skolastika hajalegeza. Na baba mkwe wake, mzee wetu aliyeketi hapo mbele, anaitwa Bariki. Sasa fikiria, mgeni rasmi, mwanamke Mkristo anayepaswa kupitisha maisha yake bila kusema neno hilo. Mtu akimtendea wema, sisi tungejibu, "Mungu akubariki." Yeye husema, "Mungu akutazame." Jirani yake ana mtoto mwenye jina hilo hilo, Skolastika humwita Wajina, na mtoto huitika.

Tulipokwenda kuandikisha biashara tulikuwa na majina mawili. Kazi ya kuyaingiza kwenye kompyuta tulimpa Bwana Adolf, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale barabarani. Adolf si Muha. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kalemie, na desturi hii alikuwa haijui. Alipiga simu wakati Skolastika yuko katikati ya kukoroga, glavu mikononi, ikabidi Rozalia amshikie simu sikioni.

"Mama, majina yote mawili yameshachukuliwa na watu. Nipe lingine upesi, mtandao usije ukaondoka."

"Weka lolote la heri," akasema Skolastika. "La kumwomba Mungu aitendee mema kazi yetu."

"Aitendee mema vipi?"

"Afanye lile jambo, Adolf. Lile analofanya padri mwisho wa misa, kabla watu hawajatoka."

"Ahaa. Nimekupata, Mama."

Na kweli alimpata. Skolastika alilizunguka neno kwa heshima zote, Adolf akalikuta limekaa katikati. Cheti kilipotoka kilisomeka Bariki Sabuni. Skolastika aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaziba mdomo kwa kiganja, na sisi, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka Rozalia akashika mbavu. Adolf hatumlaumu. Leo ndiye anayetupigia picha.

CHANGAMOTO

Kicheko hakikudumu, kwa sababu mwenye biashara hutakiwa kuitaja. Kwenye dirisha la ofisi moja Skolastika aliulizwa jina la biashara yake, akanyoosha kidole kwenye cheti. Karani akadhani hajui kusoma, akamsomea kwa sauti, taratibu, kama anamfundisha. Hilo alilimeza. Halafu simu ikaja kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Mpanda, aliyetaka sabuni ya kujaza duka zima. "Dada, matapeli wamezidi," akasema. "Nitajie jina la kampuni yako nijue ndipo penyewe." Skolastika alifungua mdomo, mdomo ukakataa. Alituambia baadaye kwamba neno lilifika kwenye meno, likamkumbuka Baba, likarudi. Yule mtu akakata simu na hajapiga tena.

Tulimshauri alitaje kwa siri, Mzee hatasikia. Akajibu, "Nitasikia mimi." Tulimshauri tubadilishe jina. Akasema wateja wameshalizoea na muhuri wa kugongea sabuni umeshachongwa, hawezi kuwarudisha wenzake nyuma kwa ajili ya mdomo wake mmoja.

Mwishowe alitupa uamuzi wake: baada ya sherehe hii anaachia uenyekiti. "Biashara ni mtoto," alisema. "Mama asiyeweza kumwita mwanawe, ampe mwingine amlee." Alikuwa anafagia, hakututazama, na sisi tukajua analia.

Mgeni rasmi, barabara yetu ina mashimo, na umeme una tabia ya kukatika tukiwa tumeshakoroga. Hayo unayajua kuliko sisi. Lakini ukituuliza ni kitu gani hasa kinaweza kuua kikundi hiki siku hiyo hiyo kinapopata leseni, ni kumpoteza mwanamke huyu. Hatuna mwingine wa kuweka beseni chini.

MAOMBI

Kwako tunaomba, nafasi ikipatikana, utukumbuke katika mafunzo ya kupata alama ya ubora, maana bila alama hiyo maduka makubwa hayatupokei. Ombi letu kwako ni hilo tu. Ombi kubwa zaidi tulishalipeleka kwa mwenye jina mwenyewe.

Skolastika alipokuwa Manispaa akifuatilia leseni, Rozalia na katibu wetu Winfrida, huyu anayesoma hapa mbele yako, walikwenda nyumbani kwa Mzee Bariki wakamwona. Walimweleza yote, tangu simu ya Adolf hadi simu ya Mpanda.

"Kumbe ndiyo maana sabuni yangu huja imechongwa?" akauliza Mzee.

Wenzetu hawakumwelewa. Akaingia ndani akatoka na kipande. Upande wa muhuri ulikuwa umekwanguliwa kwa kisu ukawa laini kabisa. Skolastika aliona aibu kumpa baba mkwe jina lake mwenyewe asugulie miguu, kwa hiyo kila kipande alichompelekea alikikwangua kwanza.

"Mimi nilidhani mnanipa makombo," akasema Mzee, akacheka mpaka akakohoa.

Kisha kicheko kikamwisha. Maneno aliyoyasema baada ya hapo Winfrida aliyaandika, na tunayasoma kama yalivyo:

"Huyu mwana wanje, yaani mwanangu, ameniheshimu tangu alipoingia kwangu. Mke wangu alipougua ndiye aliyemwogesha. Heshima yake nimeila, nimeshiba. Lakini niwaambie jambo. Mke wangu aliniita Baba Gervasi mpaka tunamzika. Tangu mama yangu alipofariki, hakuna mwanamke wa nyumbani kwangu aliyetamka jina langu. Huko nje wananiita wote, hata ninyi mnaniita. Nyumbani mimi ni Baba tu. Si vibaya, ila mtu akizeeka hutamani kuitwa tena na watu wake. Mwambieni nimemruhusu. Tena asilitamke jikoni kama anaiba. Alitamke mbele za watu, nami niwepo nisikie."

Rozalia alimwambia Winfrida ayasome tena pale pale, asije akaacha neno.

Mzee hakutaka kutoa ruhusa yake mikono mitupu. Amekuja na kuku kwa ajili ya mkamwana wake, na kama kuku huyo amekuwa akitukatiza, mgeni rasmi, tunakuomba radhi kwa niaba yake.

KUFUNGA

Risala hufungwa kwa kumwombea mgeni heri na kutaja jina la waliomwalika. Sisi leo hatutafanya la kwanza wala la pili. Yote mawili yanahitaji neno lile lile, na neno hilo lina mwenyewe.

Kwa hiyo tunakuomba, mgeni rasmi, umruhusu Skolastika asimame hapo alipo. Hatutamsaidia wala hatutamtangulia. Akichelewa tutamsubiri, maana hata sabuni haigandi kwa kuharakishwa. Akiweza, ndiye mwenyekiti wetu leo na kesho. Asipoweza bado tunampenda, ila tungependa aweze.

Skolastika, tunajua umetukasirikia. Utukasirikie baadaye, ukishamaliza. Mwombee mgeni wetu, kisha utuambie sisi ni nani. Baba anasikiliza.