Mama Santa Adyero, Fundi wa Picha wa Kansanga (1961–2023)

Mama Santa Adyero alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 huko Koch Goma, Gulu, mtoto wa pili wa Sajenti Ogwal wa polisi. Shangazi yake Abwola, ambaye leo tunaye hapa mbele akiwa na miaka themanini na tisa, anasema mtoto alitoka macho wazi, akamtazama mkunga kama anayemkagua. Shangazi husema mengi, lakini hili wote tunaliamini.

Mwaka 1967 baba yake alihamishiwa Kampala, na Adyero akakulia kwenye kambi ya polisi ya Nsambya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride, ya matusi na ya kuombana chumvi. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na kuacha sekondari akiwa kidato cha pili. Familia iliambiwa tatizo lilikuwa karo. Mwenyewe alikuwa akisema ni hesabu.

Mwaka 1983 aliolewa na Konstebo Okwera, wakajaliwa Ayot na Olweny. Vita vya 1986 viliwapita wakiwa hai wote wanne. Maradhi hayakuwa na huruma hiyo: Okwera alifariki mwaka 1991, na mwaka uliofuata mjane akatakiwa kuacha nyumba ya kambi. Alihamia Kansanga, nyumba ya vyumba vitatu, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza.

Alianza na wembe, uji wa ngano na kalenda kuukuu. Alikata picha za watu, akazibandika kwenye saa za ukutani, vioo na masanduku ya kuwekea pete. Alitengeneza fremu kwa vizibo vya soda. Alijua pia kuhamishia picha kwenye ubao: anapaka gundi nyeupe ya maseremala, anabandika picha kifudifudi, anaiacha ikauke, kisha anasugua karatasi kwa kitambaa chenye maji hadi ibaki sura tu juu ya mbao. Ubaya wake ni kwamba kila kitu hutokea kimegeuka, kama kwenye kioo. Hivyo ndivyo kaka yake, Afande Oryem, alivyojikuta na nishani zake zote kwenye kifua cha kulia.

"Santa, nishani zinakaa upande wa moyo," Afande alilalamika.

"Basi, kaka, ukiitazama simama kichwa chini."

Afande hakukanyaga Kansanga hadi Krismasi. Ubao huo bado uko sebuleni kwake.

Mwaka 2009 Adyero alinunua kompyuta iliyotumika, na bintiye Ayot akamfundisha kuiwasha. Mengine alijifundisha. Alisafisha picha za mtaa mzima: alifuta kuku, matope, nguo za jirani kwenye kamba, na mara moja, kwa ombi rasmi, mume wa mtu. Wanaume waliokuwa na picha za kitambulisho tu aliwavika koti la bluu alilolitoa kwenye tangazo. Koti hilo lilivaliwa na wanaume kumi na mmoja, wengi wao wakiwa tayari marehemu. Katika mazishi ya wa saba, mjane alitazama picha kwenye programu ya mazishi akauliza, "Huyu mzee alikuwa na koti, na harusini kwa dada yangu akaja na sweta?"

Hapa tunafika kwenye ndoa ya pili, na hapa ndipo karatasi hii ilipokwama siku nzima.

Bwana Mumbere alifika kutoka Beni, Kongo, mwaka 2001 akiwa na kamera moja na kofia moja pana, akapanga chumba cha nyuma kwa Adyero. Alikuwa akipiga picha kwenye baa za Kabalagala, za watu waliotaka kukumbuka walikunywa na nani. Adyero alizikata na kuzipamba. Kufikia mwaka 2003 chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa fremu na Mumbere hana pa kulala. Wenye adabu waliacha kuuliza. Kanisani hawakwenda, na wazee hawakukutana. Waliishi hivyo miaka ishirini.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua Adyero. Alilazwa Mulago mara tatu, na mara zote Mumbere alilala kwenye mkeka kando ya kitanda. Nesi alipouliza huyu ni nani kwa mgonjwa, ili ajaze fomu, Adyero alifungua jicho moja akasema, "Andika mpiga picha." Nesi akaandika. Adyero alicheka hadi akakohoa. Kisha akamwambia Mumbere asimpige picha upande wa dirishani, shavu limevimba. Alifariki hukohuko Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mpiga picha huyo.

Jumanne familia ilikaa Kansanga kuandika wasifu huu. Afande Oryem alikuwa mwenyekiti.

"Mimi sina ugomvi na mtu, nauliza tu," alisema. "Cheti kiko wapi? Wazee walikaa lini? Na hospitalini marehemu amesema mwenyewe: mpiga picha. Sisi tumwandike zaidi ya hapo?"

Olweny, kwa nia njema, alipendekeza "rafiki wa familia". Mumbere alivua kofia akaiweka magotini.

"Afande, andika vile unaona," alisema. "Mimi nilikuwa na yeye tu."

"Basi nionyeshe picha moja mko pamoja. Nyumba ina picha elfu."

Hapakuwa na hata moja. Kila mwaka Adyero alitengeneza kalenda ya familia kwa picha ya uani, na kila mwaka Mumbere ndiye aliyeshika kamera. Kalenda zilitandazwa mkekani, kumi na tisa. Watoto wamo, wajukuu wamo, hata mbuzi wa jirani yumo.

Shangazi Abwola, ambaye huisogeza picha hadi iguse pua, alishika moja kwa muda mrefu.

"Na huyu mwenye kofia anayelala miguuni mwa Adyero ni nani?"

Kilikuwa kivuli. Jua lilikuwa nyuma ya Mumbere, na kivuli chake kimenyooka hadi kwenye viatu vya Adyero, kofia na yote. Kilikuwamo kwenye kila kalenda. Mwanamke aliyefuta kuku wa mtaa mzima hakukigusa.

"Kivuli ni jua," Afande alisema. "Hata mpangaji anacho."

Ayot akachukua kalenda ya 2014. "Mjomba, tazama hii. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Mimi nina kivuli? Olweny anacho?"

Hawakuwa nacho. Hakuna aliyekuwa nacho ila Mumbere. Ayot alifungua kompyuta, na picha ya awali ikaonekana: uani pakavu, hakuna kivuli cha mtu. Adyero alikuwa amekichukua kwenye kalenda ya 2013, akakikata kwa uangalifu ukingo kwa ukingo, akakilaza miguuni pake.

Afande Oryem alikuwa polisi miaka thelathini na mmoja, na ushahidi anaujua. Aliomba miwani. Akatazama picha ya awali, akatazama kalenda, akarudia. Kisha akamsukumia Ayot kalamu.

"Andika," alisema. "Na uanze na yeye."

Marehemu ameacha mume, Bwana Mumbere, watoto wawili, Ayot na Olweny, wajukuu watano, kaka, Afande Oryem, shangazi, Mama Abwola, na saa nyingi za ukutani, karibu zote zinachelewa.

Kwa agizo la Afande, picha za leo zinapigwa na mtu mwingine. Shemeji Mumbere anaombwa asogee mbele, akae na familia.

Mungu ampokee Adyero, na ampe pumziko la amani.